Kwa mleta mada: usibandike picha nyingine kwanza

Mleta mada, weka mausi chini kwanza.

Umesema ofisini una PowerPoint 2003, ile programu ya kutengeneza slaidi, nyumbani una toleo la 2019. Alhamisi unawasilisha Kasulu mbele ya wageni, na kila ukibandika picha kwenye kompyuta ya ofisini maandishi yanakimbilia kushoto na kubanana kama abiria wa daladala ya jioni. Unauliza utazuiaje, video ya dakika mbili yenye sauti utaiwekaje, na rangi gani ya nyuma inasomeka ukumbi ukiwa na mwanga. Halafu kuna mkuu hapo juu kakujibu kwa mstari mmoja, akimaanisha mtindo wa zamani wa faili: "sevu kwa 97-2003, itafunguka popote." Na wewe ukamshukuru! Nimesoma hapo chai ikanipalia.

Jibu hilo hilo nilipewa mwaka 2010. Aliyenipa nilimlipa shilingi elfu tano, na mpaka leo nikimwona barabarani navuka upande wa pili.

Nilikuwa katibu wa kikundi cha akinamama wanaokausha dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Ukatibu niliupata kwa sifa moja tu: nilikuwa na flashi. Dagaa tulikuwa tunawaanika mchangani. Mvua ikinyesha mzigo umekwenda, isiponyesha mteja anatafuna mchanga na kukutukania wazazi. Tulitaka vichanja 20 vya kuwaanikia juu. Wakaja wafadhili, siwataji, wakasema kila kikundi kipewe robo saa kieleze mahitaji yake, na kieleze kwa slaidi. Enzi hizo bila projekta ulionekana huna jambo la maana.

Slaidi nilizitengenezea kwenye laptopu ya shemeji yangu iliyokuwa na 2007. Nikampelekea fundi mmoja maeneo ya Mwanga azikague, maana nilishasikia kuwa ukumbini mashine zao hazieleweki. Akatazama kama sekunde kumi, akaniambia: "Katibu, programu ni ile ile, zinatofautiana sura tu. Sevu kwa mtindo wa zamani, hiyo inafunguka hata kwenye redio." Nikacheka. Nikalipa. Nikasevu.

Dalili ya kwanza ilikuwa pale pale. Nilikuwa nimechora kwa SmartArt, zana ya michoro iliyomo humo humo kwenye PowerPoint, safari ya dagaa kutoka botini, mwaloni, kichanjani mpaka sokoni. Ukisevu kwa mtindo wa zamani na kufungua kwenye 2003, mchoro wa SmartArt unakuwa picha moja iliyoganda, huwezi kugusa herufi hata moja. Na mimi nilikuwa nimeandika "kichaja". Likabaki kichaja mpaka mwisho, kubwa, rangi ya bluu. Lakini hilo dogo, na mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi sikushtuka.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nikakumbuka kwamba slaidi zangu hazina picha. Nikaenda stesheneri moja karibu na stesheni ya reli. Wakati huo mkoa haujaunganishwa na gridi ya Taifa, umeme wetu ni wa majenereta na mgao juu, kwa hiyo kijana wa pale alinipa saa moja na jicho lake likawa ukutani kwenye saa. Kompyuta yake ilikuwa na 2003. Kama yako, ndugu yangu. Kama hiyo hiyo yako.

Nikaweka picha ya kwanza. Kufumba na kufumbua, maandishi yaliyokuwa yametanda slaidi nzima yakasukumwa nusu ya kushoto na picha ikakaa nusu ya kulia. Sikuyasogeza mimi. Pembeni ya picha kikachomoza kialama kidogo cha kubonyeza. Nikadhani kirusi, sikukigusa. Nilikuja kujua miaka baadaye kwamba kialama kile ndicho kilichokuwa na mahali pa kusema "rudisha mpangilio ulivyokuwa". Msaada umenikalia mbele ya pua, mimi naukwepa nisije nikaambukiza flashi.

Sasa slaidi ya bajeti, na hapa soma polepole. Majina ya vifungu niliyaandika kwenye kile kisanduku kinachokuja na slaidi yenyewe, kile chenye maneno ya kukualika uandike. Tarakimu nikaziandika kwenye kisanduku kingine nilichokichora mwenyewe kulia, kila tarakimu mkabala na jina lake. Kwa macho unaona jedwali safi. Kwa kompyuta hakuna jedwali, kuna watu wawili wasiofahamiana waliosimama foleni moja. Kushoto palisomeka: "Mbao, nguzo na nyavu za vichanja 20", "Turubai na mifuko", "Usafiri wa mbao", "Chai na maandazi", "Jumla". Kulia: 9,600,000, 3,100,000, 1,450,000, 240,000 na 14,390,000.

Nikabandika picha ya mama mwenyekiti ameshika ungo wa dagaa. Ikaja ikakaa juu ya tarakimu zangu zote. Nikaipunguza, nikaiburuta chini kwenye kona, tarakimu zikaonekana, nikajiona fundi. Nilichokuwa natazama ni kulia tu. Kushoto sikutazama. Kisanduku cha majina kilishakatwa upana nusu, kile kifungu kirefu cha mbao kikavunjika mistari miwili, na kila jina lililokuwa chini yake likateremka ngazi moja. Tarakimu hazikuteremka. Kisanduku ulichokichora mwenyewe hakimo kwenye mpangilio wa slaidi, kinabaki pale pale ulipokiacha hata dunia ikipinduka.

Umeshapiga hesabu? Mstari wa pili wa mbao ukapata bei ya turubai. Turubai ikapata bei ya usafiri. Usafiri ukapata laki mbili na arobaini. Na mkabala na "Chai na maandazi", kwa herufi nene kwa sababu nilizikoleza mwenyewe ili ziwe na heshima, pakasimama 14,390,000. "Jumla" ikabaki chini peke yake, haina kitu.

Kijana wa stesheneri akasema, "Bro, muda." Nikasevu, nikachomoa flashi.

Ukumbini nilizungumza vizuri, na Mungu ni shahidi. Nimewapa mvua, nimewapa mchanga, nimewapa bei ya gunia. Nikabonyeza, bajeti ikatokea ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa. Mimi nimewageukia wageni, ukuta uko mgongoni kwangu. Nikasema kwa kujiamini kabisa, "Kama mnavyoona, tumebana matumizi." Kimya. Kisha mgeni mmoja akanyoosha kalamu: "Chai ni milioni kumi na nne?"

Akinamama wakacheka kwanza, wakidhani mgeni anatania. Mama mwenyekiti, Mungu ampe umri, akaniinamia sikioni: "Mwanangu, hiyo chai mtachemshia ziwa?" Nikageuka, nikaona. Nikaanza kueleza habari ya visanduku viwili na mistari kuvunjika. Wewe jaribu kumweleza mwenye hela zake kwamba programu ndiyo iliyosogeza fedha. Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwizi. Wakaniambia watawasiliana nasi. Sisi wa huku tunajua "tutawasiliana" ni salamu ya kuagana.

Vichanja havikujengwa mwaka ule. Masika yakatukuta mchangani, na kuna mama alipoteza mzigo aliokopea. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mimi nikapewa jina la Katibu Chai. Nina watoto wawili waliozaliwa baada ya hapo na mwaloni wanaitwa watoto wa Chai.

Sasa rudi kwa huyo fundi na ndugu yake aliyekujibu hapo juu. Kufunguka si kukaa vilevile! Bati linafunguka pia kimbunga kikipita. Programu si ile ile. Tabia ya slaidi kujipanga upya ukiingiza picha ilikuja na toleo la 2002 na ikawemo kwenye 2003. Kwenye 2007 waliitoa, mpangilio ukajengwa upya, ndiyo maana 2019 yako nyumbani haikufanyii hivyo na wewe unadhani umepona. Hujapona, umebadilisha ugonjwa. Herufi za kawaida zilikuwa Arial, 2007 ikaleta Calibri ambayo ni nyembamba zaidi. Peleka faili kwenye mashine isiyo na Calibri, herufi nyingine inachukua nafasi yake na mistari inavunjika upya. Toleo la 2013 likabadilisha na umbo la slaidi mpya: kutoka sentimita 25.4 kwa 19.05 hadi 33.867 kwa 19.05, kwa hiyo ukibadilisha slaidi kutoka umbo moja kwenda jingine unaweza kuulizwa upanue au ubane yaliyomo, na ukijibu ovyo umeumia. Bado maandishi kujipunguza yenyewe yakijaa kisanduku. Bado matoleo ya sasa yanayokufungulia ubavuni mapendekezo ya kupamba slaidi, unabofya kwa bahati mbaya na bajeti yako imegeuka kadi ya harusi.

Kwenye hiyo 2003, ukitaka kuzima: menyu ya Tools, AutoCorrect Options, kichupo cha AutoFormat As You Type, utaona Automatic layout for inserted objects, toa tiki. Haya, nimekujibu. Lakini sikutaki uishie hapo, kwa sababu utazima yako halafu Kasulu utakuta mashine ya mtu mwingine yenye tiki zake.

Ninachokutaka ufanye ni hiki: faili la kuhariri libaki kwako, la kuonyesha liwe PDF, yaani faili ambalo kurasa zake zimeshaganda. PDF! Fungua kazi yako kwenye 2019 nyumbani, rekebisha huko, tazama slaidi moja moja kushoto na kulia (kushoto, ndugu yangu, kushoto), kisha sevu kama PDF na hiyo ndiyo uipeleke. Kwenye 2003 usihangaike, haina. 2007 yenyewe mwanzoni ilitaka upakue kiongezo, mpaka sasisho la Service Pack 2 la mwaka 2009 ndipo ikawa nayo ndani. Ukifika ukumbini fungua kwa Adobe Reader, bonyeza Ctrl na L, inajaza kioo chote, unasogeza kwa mishale. Haina cha kujipanga wala cha kuvunjika. Picha iko ulipoiweka, tarakimu iko mkabala na mtu wake.

Najua atatokea mtu kusema PDF haina madoido, maandishi hayaingii yakizunguka. Sawa. Mimi sijawahi kuona mfadhili aliyetoa hela kwa sababu herufi zimepiga sarakasi. Nimemwona aliyenyima kwa sababu ya chai.

Na tarakimu zako weka kwenye jedwali la kweli, Insert halafu Table, si visanduku viwili vinavyotazamana. Kama ulishafanya visanduku, futa leo usiku, usingoje Jumatano. Flashi beba mbili, na nakala nyingine jitumie kwenye simu.

Umeuliza na mengine nadhani, nitarudi nikipata nafasi, sasa hivi boti zinaingia. Ukishamaliza PDF yako chapa ile slaidi ya bajeti tu, karatasi moja, mpe mtu asiyejua kitu chochote kuhusu mradi wako, mwulize chai ni shilingi ngapi.