Wanangu, mto haubebi maji peke yake

Wiki hii nimeyaona tena. Mwanagenzi kafungua picha ya setilaiti, kaona kona ya mto Tana, hapa Kenya, imelika, kachora mstari wa gabioni (vikapu vya waya vilivyojaa mawe) kwenye ukingo wa nje, akahesabu kazi imekwisha. Nawapenda, ndiyo maana nasema: acheni haraka hii.

1. Shukeni ukingoni kwanza. Ukingo uliokatika unasomeka: mchanga, juu yake tope, kisha mchanga tena, kila tabaka limeletwa na mafuriko yake. Maji huchota mchanga wa chini, tope linabaki likining'inia, halafu bonge zima linaporomoka pamoja na mkoma uliosimama juu yake. Ukipanga mawe bila kufikisha msingi chini ya mchanga huo, yatazama. Yakishika, nguvu ya maji itahamia kwenye shamba la mtu mwingine huko chini.

2. Ulizeni mto ulipita wapi zamani. Leo Tana unamwaga maji baharini Kipini, ila haukuwa hivyo. Mdomo wake ulikuwa kusini zaidi, na Ozi ulikuwa mto wake mwenyewe. Karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili. Mafuriko yakaingia, yakaupanua, na hatimaye Tana ukahamia humo na kuuacha mdomo wake wa zamani. Maji hayajali mchimbaji alikusudia nini, hufuata mteremko. Hili linaniuma kwa sababu juzi tu nimeletewa mchoro wa mfereji wa umwagiliaji uliokata ukingo wa nje wa kona, bila lango la kuufunga! Nikauliza, masika yakija utazuia kwa nini? Kimya. Jamani, kona inayolika ndipo mto unapotafuta njia, nanyi mnaufungulia mlango. Chukueni maji mahali ukingo umetulia, na lango lijengwe kabla ya jembe la kwanza kugusa ukingo.

3. Msichanganye takwimu za mto za kabla na baada ya bwawa la Masinga. Bwawa lile lilikamilika 1981, upande wa juu wa mto kuliko mabwawa ya Kamburu, Gitaru na Kindaruma, kisha Kiambere likafuata. Tope linatua mabwawani, na maji yanayotoka yakiwa mepesi hujitafutia mzigo mwingine kwenye kitako cha mto na kingo za chini. Vilele vya mafuriko navyo vimepungua. Mpokomo, mkulima wa kando ya Tana, anayepanda kwenye tope linaloachwa na mafuriko anaijua tofauti hiyo shambani kwake, kwa hiyo mkae naye kabla ya kuandika ripoti.

4. Kila baada ya mafuriko, pimeni upya kina kutoka ukingo hadi ukingo. Kitako kikishuka, geji, kipimo cha kimo cha maji, itasoma kimo kilekile huku mtiririko ukiwa mwingine kabisa.

5. Mamba na viboko: mvuvi aulizwe kwanza, ndipo mtumbwi ushushwe.