Snoumobili inavuta kushoto kulia, je nifunge kabaidi ndefu?

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Lewiston, Maine, huku Marekani, jamaa wa kazini wamenizoesha mambo ya snoumobili, ile mashine ya kukimbia kwenye theluji yenye ski mbili (vibao vya kutelezea) mbele na mkanda wa mpira unaoisukuma nyuma, mpaka nikanunua yangu, ni used, na mkanda wa nyuma hauna njumu (vile vyuma vyenye ncha vya kuuma barafu) hata moja. Shida zangu ni mbili. Kwenye njia iliyonyooka ski zinavuta mara kushoto mara kulia zinajiendea zenyewe, mikono inachoka kushika usukani. Halafu nikifika kona yenye barafu nakata usukani na yenyewe inakwenda tu moja kwa moja. Muuzaji wa dukani kaniambia nifunge kabaidi, yale meno ya chuma kigumu ya chini ya ski, za inchi 10 yataisha yote. Ni kweli ikiwa ndefu ndo inashika zaidi? Sitaki kutupa hela.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ni kweli, ikiwa ndefu inashika zaidi, ila inashika mbele tu, na wewe nyuma huna kitu. Inchi 10 ni za mtu mwenye njumu 144 na kuendelea, wale wanaokimbia kwenye maziwa yaliyoganda. Ukifunga hizo na mkanda wako mtupu, kwenye kona ya barafu ski zitakamata vizuri sana halafu mkia utazunguka ukupite, ujikute unaangalia ulikotoka na mwenzio anakuja nyuma yako na spidi. Kwa hiyo hapana, usinunue hizo.

Tena kuna jambo huyo muuzaji hakukwambia, shida zako mbili haziponi kwa dawa moja. Ile ya kona ni ski kukosa meno. Ile ya kuvuta kushoto kulia mara nyingi ni kinyume chake kabisa, ni meno yanafuata mifereji. Watu wakipita mchana kabaidi zao zinachora mistari kwenye theluji iliyoshindiliwa, usiku inaganda, kesho yake ski yako yenye ukingo mmoja inadumbukia kwenye mstari wa mwenzio na kuufuata, ni kama tairi la baiskeli likiingia kwenye alama ya lori njia ya matope ikishakauka. Sasa ukiweka kabaidi ndefu ya ukingo mmoja inaufuata huo mstari kwa nguvu zaidi, na usukani unakuwa mzito juu yake. Yaani ungelipa hela kuongeza shida ya kwanza ili upunguze ya pili.

Ila kabla hujanunua chochote angalia ulichonacho. Nyanyua mbele kwa jeki, weka stendi ya kueleweka, usiingize mkono chini ya ski inayoning'inia. Utaona chuma kirefu kimefungwa kwa bolti chini ya ski, hiyo ndo rana, na katikati yake, usawa wa pale mguu wa ski (chuma cha wima kinachoishika ski) unapokanyaga, kuna kipande cha rangi tofauti kimechomelewa, hicho ndo kabaidi yenyewe. Zile inchi wanazotaja dukani ni urefu wa hicho kipande tu, sio urefu wa chuma chote. Pitisha kidole taratibu pembeni ya ukingo wake, kabaidi nzima ina makali unayasikia, iliyokwisha ni duara laini na imeng'aa. Halafu angalia kama imemegeka, maana kabaidi ni ngumu sana lakini haipindi, ikigonga jiwe au ukivuka lami inatoka vipande. Kwenye snoumobili za used mara nyingi nakuta chuma kimeshalika nusu unene, mwenye nacho hajawahi hata kuinama kutazama, na kikilika zaidi ya hapo hata bolti zenyewe zinaanza kulika halafu kufungua ni kazi ya grenda. Na weka rula kwenye chuma, kikiwa kimepinda hata kidogo ski inaenda upande hata njia ikiwa safi kabisa, hapo hamna mfereji wa kulaumu.

Ukishamaliza rana shika ncha ya ski uitikise kushoto kulia. Ikicheza, tafuta inapochezea, inaweza kuwa bushi, inaweza kuwa tairodi endi (kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani), na kuna raba inakaa kati ya mguu na ski, ile ikishakuwa laini au imechanika ski inatapatapa, na raba mpya ni bei ndogo ukilinganisha na kabaidi. Baada ya hapo alaimenti, yaani kuhakikisha ski zimekaa sawa na mkanda. Nyoosha usukani, funga kamba ya mpira kuzunguka ncha mbili za ski ili uondoe ule mchezo, chukua bomba refu lililonyooka uliegemeze pembeni ya mkanda wa nyuma lifike mpaka kwenye ski, kisha pima kutoka kwenye bomba mpaka kwenye ukingo wa kabaidi, mbele na nyuma ya mguu. Upimie kwenye kabaidi, usipimie kwenye plastiki maana plastiki ya ski ina mikunjo itakudanganya. Nyingi zinataka ncha za mbele zifunguke nje kidogo tu, milimita 3 mpaka 6 kwa jumla, ila kitabu cha mashine yako ndo kinatawala. Ncha zikiwa zimeingia ndani, hapo utavutwa kushoto kulia hata ufunge kabaidi ya dhahabu.

Haya, tuseme umekagua yote na rana zimekwisha kweli. Kwa hali yako ningefunga rana za kingo mbili, zile zenye mistari miwili sambamba chini ya kila ski. Ukingo mmoja ukikuta mfereji, ukingo wa pili bado umekanyaga theluji ngumu pembeni, ski haidumbukii. Kwa watengenezaji, Woody's wana za Dooly, Stud Boy wana zao, Bergstrom wana Triple Point, zote kazi ni hiyohiyo ya kuzuia kuvutwa na mimi sina ugomvi na yoyote. Urefu wa kabaidi chukua inchi 4, ukizidi sana 6, maana huna njumu. Makali ya pembe ya nyuzi 60 yanauma barafu vizuri ila yanaisha haraka na kumegeka kirahisi, ya nyuzi 90 ni butu kidogo lakini yanavumilia mawe na kuvuka barabara. Ukiwa mtu wa njia zilizopitishiwa mashine ya kusawazisha, zile za ITS (mtandao wa njia za snoumobili wa Maine), chukua 60. Unakaa mahali unaanza safari kwa kuburuza kwenye kokoto za mwanzo wa msimu, 90.

Kona ya barafu itakuwa nzuri zaidi lakini haitakuwa kamili, usitegemee maajabu. Bado mbele ikiteleza, kuna kamba ya kitambaa inayozuia mkono wa mbele wa suspensheni ya nyuma kushuka, ifupishe tundu moja, uzito unahamia kwenye ski. Tundu moja, jaribu, ndo uongeze kama inahitajika, maana ukizidisha nyuma inakosa mshiko na usukani unakuwa mzito. Hiyo ni bure kabisa, nashangaa watu wananunua vyuma kabla ya kuigusa.

Siku ukija kuweka njumu, tuseme 96, hapo ndo ongeza na mbele ufike inchi 6, na ukifika 144 unaongelea 8 na kwenda juu. Usiweke njumu ukaacha ski na kabaidi zilizokwisha, mkanda utakusukuma nje ya kona na ski hazitakuwa na la kusema, kwangu mimi hiyo ni hatari kuliko mkia kupita kwa sababu unakwenda kwenye miti ukiwa umekaa vizuri kabisa. Na kwenye theluji laini yenye kina haya yote hayana maana, huko kinachoongoza ni upana wa ski na ule mgongo wa plastiki ulio chini yake.

Kununua sasa: nunua kwa ski, sio kwa mashine. Za used mara nyingi zimeshabadilishwa ski, na matundu ya bolti yanatofautiana umbali. Pima kutoka bolti hadi bolti, piga picha ya chini ya ski, uende nayo dukani. Nati ziwe mpya zile zenye plastiki ndani, kaza kwa kipimo cha kwenye pakiti, usikaze kwa hasira ukaiponda plastiki ya ski, na rana ikikataa kuingia usiipigie nyundo, kuna kitu kimepinda. Ukitoka mara ya kwanza ukirudi pitisha spana tena kwenye kila nati. Na ukipakia kwenye trela weka zile reli za plastiki kwenye sakafu, ukiiburuza kwenye bati tupu unaziua kabaidi mpya kabla hazijaona theluji.