Maswali na Majibu: Ukingo wa Mfarishi na Kikunjio cha Cherehani

Kila kusi linapoingia na usiku wa Lamu ukaanza kuwa na ubaridi kidogo, maswali ya mifarishi, yaani vile vifuniko vizito vya kitanda vya matabaka matatu, huyazidi ya kanzu na mabuibui. Juma hili karibu yote yanahusu kile kifaa kidogo cha chuma kinachofungwa kwenye cherehani ili kikunje utepe na kuuvisha ukingo wa mfarishi kwa mshono mmoja. Nitakiita kikunjio.

Msomaji wa Langoni: Utepe unatoka umepindapinda, na upande wa chini haushikwi na uzi. Je, nimeuziwa kikunjio kibovu?

Huenda, lakini sidhani. Karibu kila kikunjio ninacholetewa kwa lawama hii huwa ni kizima. Kibovu ni utepe. Kikunjio cha kukunja pande zote mbili hutaka utepe wenye upana mara nne ya ukingo utakaoonekana, yaani ukingo wa milimita 12 hutaka utepe wa milimita 48 hivi, na kipimo hicho kisibadilike tangu mwanzo hadi mwisho. Ukizidi, utajazana mdomoni. Ukipungua, upande mmoja utatoka haukukunjwa. Mama mmoja aliniletea utepe alioukata kwa mkasi huku ameushika hewani. Nilipoulaza mezani na kuuwekea rula, palikuwa na mahali pa sentimita 5 na mahali pa sentimita 4, naye bado alikuwa akikilaumu kifaa. Kikunjio hakikati kitambaa, bibi, kinapokea ulichokikata.

Ama upande wa chini kutoshikwa, sababu ni mfarishi wenyewe. Vikunjio vingi vilitengenezewa vitambaa vyepesi, nawe unakitia matabaka matatu. Kwanza punguza ukingo uwe sawa, kisha upitishe mshono wa hatua ndefu za milimita 4 pande zote, milimita 3 kutoka ukingoni, ili matabaka yalale na kuwa kitu kimoja. Ukishona, usukume mfarishi mpaka uguse ukuta wa ndani wa kikunjio, na uzito wake uulaze juu ya kiti kilicho kushotoni. Mfarishi unaoning'inia hujivuta wenyewe nje ya mdomo. Wala usiuvute kwa nyuma kuisaidia cherehani, kwani sindano itapinda, itagonga bati na kukatika, na kipande kikiruka kitakurukia wewe.

Msomaji wa Shela: Utepe ukatwe mshazari au kwa kufuata uzi?

Pembe zikiwa mviringo, mshazari. Kingo zikiwa zimenyooka, kufuata uzi kunatosha na hakupotezi kitambaa. Mfarishi wa sentimita 150 kwa 200 una mzunguko wa sentimita 700. Ongeza 30 za kuungia. Kitambaa chenye upana wa sentimita 110 kitakupa utepe huo kwa vipande saba vya sentimita 5, hata ukitoa karibu sentimita 5 kwa kila kiungo. Kwa mshazari, mraba wa sentimita 65 unatosha na kubaki. Viungo vyote viwe vya mshazari na vifunguliwe kwa pasi, kwa sababu kiungo cha kunyooka hurundika unene mahali pamoja, na hapo ndipo kikunjio hukwama.

Msomaji wa Malindi: Nikifika kwenye pembe, utepe unakunjana. Nifanyeje?

Swali hili nimelijibu hata wino umechoka, na ninalijibu tena kwa sababu wauzaji hawawaambii watu ukweli: kikunjio hakijui pembe. Kinajua kwenda mbele tu. Chagua moja kati ya mawili. Ama ulaze sahani ya wali pembeni, uchore kwa chaki na ukate mviringo (sahani ya wali, si kisahani cha chai, maana mviringo mdogo hujikunja vilevile), kisha utumie utepe wa mshazari na uende polepole. Ama ushone mpaka mwisho wa upande, urudishe mshono mara mbili, uvute nje kiasi cha utepe uliokwisha kukunjwa, ugeuze mfarishi, uifinyange pembe kwa vidole juu na chini, uibane kwa pini, ndipo uurudishe mdomoni. Njia ya tatu haipo, na anayekuuzia kifaa cha njia ya tatu anakuuzia maneno.

Msomaji wa Mkomani: Utepe wa satini je?

Hapana.

Msomaji wa Matondoni: Nina cherehani ya mkono ya marehemu nyanya. Itafaa?

Kwa kushona, itafaa sana. Kwa kikunjio, itakutesa, kwa kuwa mkono mmoja u kwenye mpini na kazi hii hutaka mikono miwili, mmoja kwa utepe na mwingine kwa mfarishi. Tafuta ya miguu. Mwendo wake wa taratibu ndio unaotakiwa, na unaweza kuizungusha kwa mkono mshono mmoja mmoja kwenye mviringo. Unapokwenda kununua kikunjio, chukua mguu wa cherehani yako (kile chuma kinachobana kitambaa chini ya sindano) ukaulinganishe dukani, usitegemee macho ya muuzaji.

Msomaji wa Faza: Je, pindo la leso linaweza kuwa utepe?

Linaweza, lakini ujue kwamba ukingo wa milimita 12 utaonyesha robo tu ya upana uliokata, hivyo maua ya pindo yatakatika vichwa. Afadhali leso yenye nakshi ndogo. Wengi hupenda kuikata ikingali mpya kwa sababu wanga wake huifanya ikunjike vizuri, nako ndiko kujidanganya: itarudi na kupungua ikifuliwa, na nyekundu itachuja juu ya mji mweupe, yaani sehemu ya katikati, wa mfarishi. Ifue kwanza, hata mara mbili, kisha uirudishie wanga mwenyewe na uipige pasi. Na leso ya harusi ya mtu usiikate kabla ya kumuuliza mwenyewe, hata kama imelala sandukuni miaka kumi.

Msomaji wa Kipungani: Kikunjio changu kimeshika kutu, nacho nakipaka mafuta ya nazi kila siku.

Mafuta ya nazi ni ya nywele na wali. Yakipakwa kwenye chuma, vumbi la uzi hunata, na utepe ukachafuka. Kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, pitisha utepe mbovu mpaka utoke safi, kisha ukihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na dirisha la upande wa bahari.