Mtoto wangu yuko Kentucky, anaomba kadi ya bangi ya matibabu

SWALI: Mama Muuguzi, jambo. Mtoto wangu wa kwanza anaishi Lexington, jimbo la Kentucky, kule Marekani. Alifika kama mkimbizi, na sasa ana kibali cha ukaaji wa kudumu. Akiwa kijana alipigwa risasi ya paja, na mpaka leo mguu unamwuma usiku na ndoto mbaya zinamwamsha. Juzi alinipigia simu nimtafutie dosye yake ya hospitali hapa Bukavu, eti anaomba kadi ya bangi ya matibabu. Nimeogopa sana. Je, ni kweli kadi hiyo inatolewa na serikali? Anastahili kuipata? Na je, anaweza kunitumia mafuta ya bangi kwa ajili ya magoti yangu? Mama wa Kadutu.

JIBU: Mama, jambo sana, na pole kwa mtoto. Mtoto wako hakudanganyi. Kule kila jimbo lina sheria yake. California ilitangulia mwaka 1996, na Kentucky ilipitisha yake 2023, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025.

Kentucky haimpi kila anayeomba. Imetaja magonjwa: saratani ya aina yoyote, maumivu makali yasiyoisha, kifafa, ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi au misuli kukakamaa, kichefuchefu kilichoshindikana kwa dawa za kawaida, na traumatizimu, yaani mtu kuendelea kuteswa na mabaya aliyoyapitia. Kwa maelezo yako, mtoto anaweza kuingia kwa milango miwili, maumivu na traumatizimu. Lakini neno lake peke yake halitoshi. Lazima amwone daktari, au muuguzi wa ngazi ya juu, aliyeandikishwa na jimbo kwa kazi hiyo. Mara ya kwanza wanaonana uso kwa uso, anapimwa, na historia ya ugonjwa inasomwa. Daktari akiridhika, anamwandikia hati ya uthibitisho. Si ordonansi ya kupeleka famasi ya kawaida. Kwa hati hiyo mtoto anaomba kadi ofisi ya jimbo kwa dola 25, mbali na pesa za daktari.

Ndiyo maana anataka dosye. Mtafutie ripoti ya upasuaji na picha za radio. Original zibaki kwako, yeye mtumie kopi. Zitakuwa za Kifaransa, kwa hiyo atafute mtu wa kuzitafsiri vizuri.

Usiwaze vijana wanaovuta vichochoroni. Kentucky inakataza kuivuta kwa moto, hata kwa mwenye kadi, na hairuhusu kuilima nyumbani.

Sasa nisikilize vizuri, Mama, maana hapa ndipo ninapoogopa mimi. Umesema ana kibali cha ukaaji, hukusema ni raia. Kadi inatolewa na jimbo, lakini uraia unatolewa na serikali ya taifa zima, na sheria ya taifa bado inaizuia bangi. Mwezi wa nne 2019 idara ya uhamiaji ya Marekani iliandika wazi kwamba kutumia bangi kunaweza kumnyima mtu uraia kwa kukosa “mwenendo mwema”, hata kama jimbo lake linairuhusu. Kwa kawaida wanaangalia miaka 5 kabla ya maombi. Na kumdanganya afisa kwenye mahojiano ni kosa jingine, zito zaidi. Akisafiri nje kuja kukuona, swali hilohilo linaweza kumkuta uwanja wa ndege akirudi. Kwa hiyo kabla ya daktari wa kadi, aende kwa avoka wa uhamiaji. Katika miji inayopokea wakimbizi yako mashirika yanayotoa ushauri huo bure au kwa bei ndogo. Amwulize pia mwajiri wake, kwa sababu kadi haimlazimishi bosi kumwacha kazini akipimwa na kukutwa na bangi mwilini.

Na usimgombeze. Nimefanya kazi miaka mingi wodi ya upasuaji, ninajua maumivu ya neva iliyopitiwa na risasi: yanawaka usiku, na mtu akiyasema watu wanamwona mvivu. Amwulize daktari wake kuhusu amitriptilini au gabapentini, dawa za maumivu ya neva zinazoandikwa kwa ordonansi ya kawaida na hazigusi uraia wake. Kwa ndoto, aombe mtaalamu wa kuzungumza naye, na ana haki ya kuomba mkalimani wa Kiswahili. Kama hayo ameshajaribu yakashindwa, na avoka amemweleza hatari yote, basi aamue mwenyewe. Ni mtu mzima, na mguu ni wake.

Mafuta asikutumie hata chupa ndogo. Kuyavusha mpaka ni kosa kwa sheria ya taifa lao, kadi isimdanganye, na huku atakayeulizwa ni wewe uliyeandikwa juu ya kifurushi. Magoti yako nenda kituo cha afya wayapime, na uwaambie pia dawa zote unazomeza nyumbani, hata zile za sokoni.