Maswali na majibu: Kofia ndefu ya mchawi ilitoka wapi, na inakatwaje?

SWALI: Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja mkoani Shinyanga na ni mlezi wa kikundi cha maigizo. Muhula ujao tunaigiza *Makbeth*, ile tafsiri ya S. S. Mushi. Wanafunzi watakaocheza wachawi watatu wanataka kofia nyeusi, ndefu, zenye ncha, kama walizoziona kwenye katuni. Mmoja akauliza kwa nini wachawi wa Kizungu huvaa hivyo, na kwa nini hata wale wazee wa kiume wenye ndevu na fimbo, wa hadithi za mazimwi na mapanga, nao wana kofia hiyo. Je, kofia hii ina historia ya kweli? Tuivae? Na tukiivaa, tuikateje isilegee jukwaani?

JIBU: Asante, mwalimu. Kazi yangu ni kubuni na kushona maleba, yaani mavazi ya jukwaani, na swali la mwanafunzi wako ndilo ninalotamani kila kikundi kijiulize kabla ya kushika mkasi.

Kofia ya mchawi mwanamke na ile ya mwanamume hazikuzaliwa pamoja. Ya mwanamke ni vazi halisi lililovaliwa Uingereza katika karne ya 17, likabaki kwenye picha baada ya watu kuacha kulivaa. Ya mwanamume huenda inatoka mbali zaidi, upande wa Uajemi. Zilikuja kukutana kwenye majukwaa na katika vitabu vya watoto.

Anza na jambo ambalo wengi hawalitegemei: katika picha maarufu za mwanzoni mwa karne ya 16, mchawi wa Ulaya hana kofia. Albrecht Dürer, Mjerumani, alichonga picha ya mchawi karibu na mwaka 1500. Mwanamke huyo amepanda mbuzi kinyumenyume, yuko uchi, nywele zinapeperuka. Mwanafunzi wake, Hans Baldung Grien, alichapisha picha ya kundi la wachawi mwaka 1510, na humo pia ni miili mitupu na nywele zilizotimka. Msomaji wa huku kwetu ataielewa picha hiyo bila maelezo, maana mwanga naye husemwa kwamba hutembea uchi usiku. Kwa watu wa wakati wa Dürer, mwanamke mwenye heshima zake alifunika kichwa, kwa hiyo nywele wazi zilitosha kumtangaza kuwa ameasi. Kumvisha kofia kungeharibu maana yote.

Sasa njoo London, miaka ya 1590. Kofia ya juu, yenye kichwa kinachopungua kuelekea juu na ukingo mpana, ndiyo ilikuwa inapendwa. Nzuri kabisa zilitengenezwa kwa manyoya ya biva, yule mnyama wa mtoni, yaliyopondwa na kushindiliwa yakawa kitambaa kigumu. Wanaume walivaa, wanawake pia. Pocahontas, binti wa chifu kutoka Virginia, alipofika Uingereza alichorwa na Simon van de Passe mwaka 1616 akiwa amevaa kofia ya aina hiyo, kwa sababu ilikuwa vazi la mtu wa hadhi. Na Matthew Hopkins, mwanamume aliyezunguka mashariki ya Uingereza akiwasaka wachawi, alichapisha kijitabu chake mwaka 1647. Ukiangalia picha ya mwanzo, mwenye kofia ndefu ni yeye mwenyewe, mwindaji.

Katika nusu ya pili ya karne hiyo mitindo ikabadilika na kofia za mjini zikashuka. Vijijini mambo hayaendi kwa kasi hiyo. Kofia ngumu ya gharama haitupwi kwa sababu watu wa mjini wamebadilisha mtindo, hivyo wanawake wazee wa mashambani waliendelea na zao. Ilipofika mwanzoni mwa karne ya 18, kofia ndefu kichwani mwa mwanamke ilikuwa ikimwambia mtazamaji mambo matatu kwa mara moja: mzee, wa kijijini, amepitwa na wakati.

Hapo ndipo wachapaji waliponogewa. London ilikuwa na biashara kubwa ya vijitabu vya bei ya chini vilivyouzwa mitaani na minadani, vyenye picha zilizochongwa kwenye vibao vya mbao. Kibao ni kigumu, mchongaji hana nafasi ya kuonyesha sura yenye hisia, anahitaji umbo litakaloeleweka hata wino ukivuja. Kofia ndefu ilimfaa. Kijitabu kimoja kinachotajwa sana, *The History of Witches and Wizards* cha mwaka 1720, kina wachawi wenye kofia hizo wakiwa pamoja na mashetani. Kadiri picha zilivyonakiliwa, kichwa cha kofia, ambacho katika ile halisi kilikuwa na juu bapa, kikawa ncha.

Ushahidi unaonishawishi kuliko wote ni huu: mchawi hakuwa peke yake. Mama Bata Bukini, yule bibi msimulizi wa mashairi ya watoto wa Kiingereza, alichorwa na kofia hiyo hiyo, na hakuna aliyemwogopa. Wanawake wa Wales nao walivaa kofia nyeusi ndefu, na katika karne ya 19 ikawa sehemu ya vazi lao la taifa, ambalo hadi leo hulivaa kwenye sikukuu kwa fahari. Kwa maneno mengine, kofia yenyewe haikuwa na uchawi wowote. Ilikuwa kofia ya bibi. Wachapaji walitaka mchawi aonekane bibi wa kijijini, wakamvisha alichovaa bibi wa kijijini.

Utakutana na maelezo mengine yanayosambaa sana, kwamba kofia hii ilikuwa ya wanawake wapika pombe wa zama za kati, waliovaa kofia ndefu ili waonekane sokoni, na kwamba wanaume waliotaka biashara hiyo wakawasingizia uchawi. Ni hadithi ya kuvutia, lakini haisimami. Wanawake wa Uingereza walipoteza nafasi yao katika upikaji wa pombe taratibu kati ya karne ya 14 na ya 16, kwa sababu za mitaji, sheria na kuja kwa bia ya kibiashara. Picha ya mchawi mwenye kofia inajitokeza baada ya hapo, katika vijitabu vya wakati ambao kazi hiyo ilikwisha kuwa ya wanaume kwa muda mrefu.

Kuna njia nyingine ambayo siwezi kuiruka, kwa sababu ni ya maumivu. Ulaya ilitumia kofia yenye ncha kumwaibisha mtu hadharani. Mtaguso wa Laterani, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1215 uliagiza Wayahudi na Waislamu watofautishwe kwa mavazi. Mwaka 1267 sinodi, yaani mkutano wa viongozi wa Kanisa, ya Breslau (leo Wrocław, Poland) ikawalazimisha Wayahudi wa eneo lake kuvaa kofia yenye ncha. Katika karne ya 15, sheria za mji wa Buda, Hungaria, ziliagiza kwamba anayepatikana na hatia ya uchawi kwa mara ya kwanza asimamishwe mbele za watu akiwa amevaa hiyo kofia ya Wayahudi. Huko Uhispania, Baraza la Kuhukumu Wazushi liliwavika waliohukumiwa kofia ndefu za karatasi, wakati mwingine zikiwa zimechorwa ndimi za moto au mashetani. Francisco Goya aliikumbuka kofia hiyo alipochora wachawi watatu wakipaa angani, mwaka 1797 na 1798, picha ambayo sasa iko katika makumbusho ya Prado, Madrid. Huu ni mkondo tofauti na ule wa London, lakini wazo lake ni lile lile: mtu huvikwa kitu kichwani ili wengine waache kumwona kuwa mtu.

Tuje kwa mzee mwenye ndevu. Waajemi wa kale walikuwa na majirani, Wasaka, waliojulikana kwa kofia ndefu zenye ncha. Mfalme Dario wa Uajemi aliamuru wachongwe kwenye mwamba wa Behistun, katika Irani ya leo, mwishoni mwa karne ya 6 KK, na kiongozi wao, Skunkha, amesimama mwisho wa mstari wa mateka, kofia yake ikipanda kupita vichwa vya wote. Kwa Wagiriki na Warumi, kofia ya ncha ikawa alama ya mtu wa mashariki. Ndiyo maana wasanii Wakristo wa Ravenna, Italia, katika karne ya 6, walipotengeneza picha ya mamajusi wakimletea Yesu zawadi, waliwavika kofia nyekundu zenye ncha iliyokunjika mbele. Mamajusi unawafahamu kutoka Injili ya Mathayo: wasomaji wa nyota. Elimu ya nyota, mashariki na kofia ya ncha vikafungamana kwenye akili za wachoraji, na huenda ndiyo asili ya kofia ya samawati yenye mwezi na nyota tunayoiona kwenye katuni.

Wapo wanaoiunganisha kofia hiyo na makoni ya dhahabu ya Ulaya ya kale, yanayodhaniwa kuwa kofia. Lile lililoko Berlin lina urefu wa sentimita 74.5 na uzito wa gramu 490, na mtafiti Wilfried Menghin alizitafsiri alama zake kuwa kalenda ya jua na mwezi. Ni vitu vya kustaajabisha. Lakini vilikuwa ardhini kwa karibu miaka 3,000. La kwanza kupatikana, la Schifferstadt, Ujerumani, lilifukuliwa mwaka 1835. Mchoraji wa karne ya 18 hakuwahi kuliona.

Mwandishi Mwingereza J. R. R. Tolkien ndiye aliyeipa kofia ya mzee ukingo mpana na vumbi la barabarani. Gandalf, mchawi mzee wa riwaya zake, anapotokea mara ya kwanza mwaka 1937 katika *The Hobbit*, ana kofia ndefu ya buluu yenye ncha, joho la kijivu na fimbo. Tolkien mwenyewe alimfananisha na Odin, mungu wa Wanordi anayetangatanga akiwa amefunika uso kwa ukingo wa kofia. Kwa upande wa wanawake, filamu ya *The Wizard of Oz* ya mwaka 1939 ilimaliza mjadala: Margaret Hamilton, ngozi ya kijani, kofia nyeusi. Katuni walizoona wanafunzi wako zinatoka hapo.

Sisi watu wa maleba tunaipenda kofia hii kwa sababu za ufundi pia. Inaongeza urefu wa mwigizaji, na aliyeketi nyuma kabisa anamtambua mhusika kabla hajasema neno. Ukingo nao unakuruhusu kuficha macho na kuyafichua kwa kuinua kidevu tu.

Je, muivae katika *Makbeth*? Mimi nisingeivaa. Tamthilia haiwapi kofia. Banquo, rafiki wa Makbeth, anawaona wamenyauka, mavazi yao hayafanani na ya watu wa dunia hii, wanaonekana wanawake lakini wana ndevu. Katika toleo la kwanza, la mwaka 1577, la kitabu cha historia cha Holinshed (Shakespeare alitumia toleo la 1587), wamechorwa kama mabibi waliovaa vizuri. Una uhuru mkubwa hapo, utumie.

Ila nakuomba jambo moja, na kwa mkoa wako nalisema kwa uzito. Usiwavike kaniki au khanga za bibi, na usiwapake wekundu machoni. Unajua kuliko mimi kwamba katika Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, macho yao mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi, ilhali ni moshi wa miaka mingi jikoni. Tukimvisha mchawi wa jukwaani nguo za bibi yetu, tunafanya kile kile walichofanya wachapaji wa London. Kama uchaguzi ni kati ya kaniki na kofia ya katuni, basi kofia, mara mia. Ndevu za katani, magunia yaliyopakwa rangi ya majivu na vitambaa vilivyochanwa vitafanya kazi nzuri kuliko vyote viwili.

Wanafunzi wakishikilia kofia, hesabu zake ni hizi. Pima mzingo wa kichwa, nywele zikiwa kama zitakavyokuwa siku ya onyesho. Tuseme ni sentimita 57. Gawanya kwa 6.28 upate nusu kipenyo, 9.1. Ukitaka koni yenye kimo cha sentimita 40, urefu wa ubavu wake kwa kanuni ya Pythagoras ni 41. Sasa 9.1 gawanya kwa 41, zidisha kwa 360: nyuzi 80. Chora kwenye karatasi ya manila kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita 41 na pembe ya nyuzi 80. Kata kingine cha kitambaa kizito, kaki au jinzi, ukiongeza sentimita 1.5 za mshono kila upande. Ukitaka ionekane ya karne ya 17, kata ncha sentimita 15 kutoka juu na uifunike kwa duara dogo.

Ukingo unaolegea ndio tatizo la kofia nyingi za shule. Chora duara la ndani la nusu kipenyo 9.1, kisha chora jingine la 7.6 na ukate hapo. Ile sentimita 1.5 iliyobaki ichanje kila baada ya sentimita mbili, ikunje juu, ishone ndani ya koni. Upana wa ukingo uwe sentimita 12 nyuma na ubavuni, lakini mbele usizidi 7, kwa sababu taa za ukumbi zinatoka juu na ukingo mpana utamtia mwigizaji giza usoni. Pitisha waya mwembamba ndani ya pindo la nje; huo ndio unaoshika umbo. Ndani ya mzingo shona utepe wa pamba wa sentimita 3, maana jasho hulainisha manila kabla onyesho halijafika nusu, na ufunge lastiki nyeusi inayopita nyuma ya kichwa chini ya nywele, isionekane kidevuni. Fanyeni mazoezi na kofia hizo angalau wiki moja kabla, kwa sababu anayeinama juu ya chungu akiwa na sentimita 40 kichwani hubadilisha hata namna ya kusimama, na wenzake wawili lazima wajue wakae umbali gani.