Wadogo zangu wa mipango miji, hesabuni magari kwanza

Kila kundi jipya likiingia idara ya mipango miji, haipiti miezi mingi kabla ripoti zilezile hazijaanza kurundikana mezani. Ukurasa mmoja na nusu, pendekezo "ombi likataliwe", sababu "eneo lina uhaba wa maegesho". Ukiuliza uhaba wa nafasi ngapi, mtaa upi, saa ngapi, unajibiwa kwa macho. Ombi la kibali linakwenda kikaoni, madiwani wanakataa, mwombaji anakata rufaa, na wakili wake anauliza maswali hayohayo matatu. Jalada halina jibu.

Nyinyi ni wasomi. Mnachora ramani kwenye kompyuta kwa kasi ambayo wakongwe wanaionea wivu kimyakimya. Kinachowaangusha ni mambo ya chini kabisa, tena yaleyale yaliyowaangusha waliowatangulia.

1. Anza na tarehe. Tafuta ni toleo lipi la sheria ndogo na ramani ya kanda (ile inayogawa mji kwa matumizi ya ardhi) lililokuwa likitumika siku ombi lilipopokelewa, kisha uhakikishe kama mamlaka yenu inahukumu kwa toleo la siku hiyo au la siku ya uamuzi. Liandike juu kabisa ya ripoti.

2. Ramani na maandishi husomwa pamoja. Rangi inakuambia kanda tu. Ruhusa imo kwenye jedwali la matumizi, na mitego imo kwenye tanbihi zile ndogo chini ya jedwali ambazo hakuna anayezisoma. Matumizi yaleyale yanaweza kuruhusiwa moja kwa moja ghorofa ya chini, yakahitaji ridhaa maalumu ghorofa ya juu, na yakazuiwa kabisa yakipakana na makazi. Halafu nenda kiwanjani na mchoro uliochapishwa na futi ya kupimia. Michoro inayoletwa ina tabia ya kuonesha nafasi nzuri ya gari mahali penye nguzo, mti mkubwa, au mlango wa jirani.

3. Sasa maegesho, na hapa mtuvumilie, maana ndipo mnapotuumiza vichwa.

Ombi lenyewe huwa ni hili: duka la zamani katikati ya mji linataka kugeuzwa mgahawa. Tuseme jedwali linadai nafasi 1 ya gari kwa kila mita 10 za mraba za ukumbi. Ukumbi una mita 200, kwa hiyo nafasi 20. Jengo limekaa kiwanja chote mpaka mpakani, halina nafasi hata moja. Afisa mpya anatoka ofisini saa nne asubuhi, anakuta mtaa mkuu umejaa, anapiga picha mbili, anarudi kuandika "likataliwe". Kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Hebu piga hesabu ambayo ripoti hiyo haikuipiga. Nafasi moja ya mita 2.5 kwa 5 ni mita za mraba 12.5. Ongeza sehemu yake ya njia ya kuingilia na kugeuzia, ambayo kwa magari yanayoegeshwa kwa pembe mraba huhitaji upana wa mita 6 hivi, na kila gari linakula mita 25 hadi 30. Nafasi 20 ni mita 500 hadi 600, yaani mara mbili na nusu hadi tatu ya ukumbi wenyewe. Kanuni ikifuatwa bila kufikiri, jirani abomolewe ili mgahawa upate pa kuweka magari. Ndiyo sababu London mwaka 2004 iliachana na viwango vya chini vya maegesho, yaani idadi ya nafasi isiyopunguzwa, ikaweka vya juu, yaani idadi isiyozidishwa, Mexico City ikafuata njia hiyo mwaka 2017, na mwaka huohuo Buffalo ya Marekani ikavifuta vya chini kwa mji mzima.

Kama mji wenu bado unavyo viwango vya chini, huna ruhusa ya kuvipuuza. Lakini mara nyingi sheria zenye viwango hivyo zina kifungu cha kuvipunguza: kushirikiana maegesho na jengo jingine, kulipa ada badala ya kujenga nafasi, au kupunguziwa kwa sababu ya usafiri wa umma. Vifungu hivyo vyote havitumiki mpaka uwe na idadi. Kwa hiyo hesabu.

Anza na nafasi halali kabla hujaangalia gari lolote. Chora mtaa kwa vipande, kutoka njia panda moja hadi nyingine, kila upande peke yake, na kila kipande ukipe namba. Kama hakuna mistari, pima urefu wa ukingo, toa milango ya magari, vivuko, pembe za njia panda, bomba la zimamoto na kituo cha basi, kisha gawa kwa mita 6 kwa magari yanayoegeshwa sambamba na barabara. Usigawe urefu wa jumla. Gawa kila kisehemu kivyake na uache masalio, kwa kuwa vipande viwili vya mita 4 havitengenezi nafasi moja. Nafasi za watu wenye ulemavu na sehemu za kupakulia mizigo zipewe safu yake. Kisha panua eneo mpaka mwendo wa dakika 5 kwa miguu, kama mita 400, kwa njia ambayo mtu atapita kweli. Duara la bikari halijui kwamba kuna ukuta.

Sasa magari. Chagua Jumanne, Jumatano au Alhamisi isiyo na sikukuu, likizo ya shule wala ukarabati wa barabara, na uongeze Jumamosi moja. Zunguka kila saa, njia ileile, mwelekeo uleule, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Hiyo ya usiku mnaikwepa, nasi tunajua kwa nini. Ila mgahawa hujaa jioni, wakati ofisi zimefungwa na magari ya wafanyakazi yameondoka. Hesabu ya saa nne asubuhi haisemi lolote kuhusu mgahawa.

Katika kila mzunguko andika tarakimu 3 za mwisho za namba ya gari, si namba yote. Huhitaji kumjua mtu. Unataka kujua tu kama gari lililokuwepo saa tatu ndilo lililopo saa tisa. Ukihesabu magari bila namba utapata kiwango cha kujaa, hutajua magari yanavyopokezana nafasi, na hapo ndipo penye jibu. Magari yaliyoegeshwa pasiporuhusiwa yaandikwe pembeni. Ukiyachanganya, kipande kitasoma asilimia 110 na mtu kikaoni atacheka. Ukiyaacha kabisa, utakuwa umetupa ushahidi mzuri kuliko wote. Na ukumbuke kwamba mzunguko wa kila saa hauoni gari lililokaa dakika 20 katikati. Kwenye mtaa wa maduka madogo punguza iwe kila nusu saa, au useme wazi kwenye ripoti kwamba wageni wa muda mfupi wamepungua kwenye hesabu.

Chukua mfano wenye sura ambayo hesabu za namna hii huwa nayo mara kwa mara. Mtaa mkuu una nafasi 40, magari 39. Mitaa miwili ya pembeni na uwanja wa nyuma una nafasi 80, magari 38. Mtaa mkuu ni asilimia 97.5, kule nyuma asilimia 47.5, na eneo zima asilimia 64. Mwenye duka anayelalamika kwamba hakuna maegesho hasemi uongo. Anaona mlango wake. Afisa anayeandika "eneo lina uhaba" ndiye anayepotosha, kwa sababu nafasi 42 ziko wazi dakika 3 kutoka hapo. Na ukiandika wastani peke yake, ile asilimia 64, umekosea upande wa pili: umeficha mtaa uliojaa. Toa takwimu kwa kila kipande na kwa kila saa.

Kisha fungua safu ya zile tarakimu 3. Tuseme kati ya magari 39, 14 hayakusogea kwa saa 8. Ukitaka kujua ni ya nani, simama pale wakati wa kufungua maduka. Aghalabu ni ya wenye maduka na wafanyakazi wao, walewale walioandika barua za kulalamika. Nafasi 14 kwa saa 8 ni saa 112 za maegesho. Mteja akikaa dakika 45, hapo wangepita wateja karibu 150 kwa siku. Tatizo hili ni la kale. Mita ya kwanza ya maegesho, ile mashine ya kulipia, iliwekwa Oklahoma City Julai 1935, ikitoza senti 5 kwa saa, sababu ikiwa wafanyakazi wa katikati ya mji waliokuwa wakishika nafasi tangu asubuhi mpaka jioni. Mita haikubuniwa kwanza ili kuijazia halmashauri mfuko, ingawa ukisikiliza baadhi ya vikao vya bajeti ungedhani hivyo.

Kipimo kinachotumiwa sana kimetoka kwa mchumi Donald Shoup: bei ya maegesho ya ukingoni mwa barabara ipangwe ili kiwango cha kujaa kikae karibu asilimia 85, yaani nafasi 1 kati ya 7 iwe wazi. Mtaa ukisoma 97, bei ni ndogo mno au muda ni mrefu mno. Ukisoma 50, umezidisha. Dawa ya mtaa mkuu wetu, basi, ni ada au kikomo cha saa 2, pamoja na kibao kinachoelekeza uwanja wa nyuma. Kumnyima mtu kibali cha mgahawa hakumwondoi hata mwenye gari mmoja kati ya wale 14.

Ripoti yenye haya yote haizidi kurasa 3. Inaweza hata kupendekeza kukataa, kama uwanja wa nyuma nao umejaa usiku. Hilo si kosa. Kosa ni kukataa kwa picha mbili.

4. Masharti ya kibali. "Mwombaji ahakikishe maegesho ya kutosha" ni sentensi isiyomfunga mtu yeyote. Nani ataamua kama yanatosha, na lini? Uingereza hupima kila sharti kwa vigezo 6: liwe la lazima, lihusu mipango, lihusu mradi wenyewe, liweze kusimamiwa, liwe bayana, liwe la haki. Kaa na hivyo vinne vya mwisho usipate usingizi. Andika hivi: "Kabla ya ukumbi kuanza kutumika, nafasi 6 zilizooneshwa kwenye mchoro uliopitishwa, kila moja mita 2.5 kwa 5, zichorwe mistari, na zisitumike kwa jambo jingine muda wote ukumbi utakapotumika." Mkaguzi ataenda na futi, atajibu ndiyo au hapana, atarudi. Na sharti la kutumia maegesho ya jirani lisiandikwe bila makubaliano yaliyosajiliwa, kwani jirani huyo anaweza kuuza mwezi ujao.

5. Msamaha wa kanuni. Shida anayoitoa mwombaji ili asifuate kanuni iwe ya kiwanja chenyewe: umbo la pembetatu, mwinuko, mtaro unaokatiza. Mwenye kiwanja kuishiwa fedha si shida ya kiwanja, na kuwa ameshajenga ukuta ndio kabisa si shida ya kiwanja.

6. Matangazo na barua za majirani. Tangazo lenye namba ya kiwanja iliyokosewa linaweza kuangusha mchakato wote, kwa hiyo lisome mbele ya hati, lipige picha likiwa limebandikwa, na upige picha nyingine siku ya mwisho. Barua zipimwe kwa hoja. Nakala 60 za barua moja ni hoja moja. Barua moja ya bibi anayesema gari la zimamoto haliwezi kugeuka kwenye uchochoro ule ni sababu ya kuchukua futi na kwenda.

7. Kikaoni. Diwani mwenye maslahi atoke kabla mjadala haujaanza, muhtasari uandike saa aliyotoka, na wewe uhesabu tena akidi baada ya mlango kufungwa. Wakitaka kwenda kinyume na pendekezo lako, ni haki yao, usinune. Omba tu sababu zitajwe na vifungu vyake kabla ya kura. Sababu zilizotungwa kesho yake ofisini hunuka mbali. Na siku ya kutembelea kiwanja, usipande gari la mwombaji hata kama mvua inanyesha.

8. Ulizeni nani anamiliki mapato ya ukingo wa barabara. Chicago mwaka 2008 ilikodisha mita zake za maegesho kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15 hivi zilizolipwa mara moja. Tangu hapo, mji ukiondoa nafasi zenye mita kwa sababu ya njia ya basi, ya baiskeli au hata sherehe ya mtaani, huenda ukalazimika kumfidia mwenye mkataba. Afisa wa kanda huko hawezi kuandika "nafasi 12 ziondolewe" kama vile ni rangi tu barabarani. Mikataba ya namna hii huwa haikai kwenye kabati la mipango miji; iko kwa mhasibu au kwa mwanasheria, na hawatakuletea wenyewe. Omba nakala, soma kifungu cha fidia na kile cha kuhamisha nafasi, na gharama yake uiweke kwenye ripoti kabla ombi la kupanua njia ya waenda kwa miguu halijafika kikaoni.