Maswali ya Wasomaji: Mfuniko wa Jakuzi Unaotaka Watu Wawili

SWALI: Assalaam alaykum. Nyumba yetu ya wageni ipo Jambiani. Jakuzi ya nje ni mita 2 kwa mita 2, kimo chake sentimita 90, imekaa juu ya zege. Mfuniko ni wa povu gumu lililovishwa plastiki nzito, unene wa sentimita 10, unakunjika katikati. Anayeufungua peke yake huuburuta chini, na pembe zimeshaanza kuchanika. Kinyanyuzi cha kuagiza nje ni ghali. Je, fundi wetu wa kuchomea anaweza kukitengeneza?
Msomaji, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam. Anaweza, tena bila kuchomea sana. Ni fremu ya bomba yenye umbo la mlango: mikono miwili ubavuni na bomba moja linalopita juu ya mkunjo wa mfuniko. Unakunja nusu ya mbele juu ya nusu ya nyuma, bomba likabaki katikati, kisha unaisukuma fremu nyuma. Mfuniko unaning'inia nyuma ya jakuzi kama shuka kwenye kamba.

Kila kitu kinategemea egemeo, yaani bolti ambayo mkono unazungukia. Bomba likianza juu ya mkunjo, litatua nyuma ya egemeo kwa umbali uleule. Mkunjo wenu upo mita 1 kutoka ukingo wa nyuma, na bomba litue sentimita 20 nje ya ukingo huo ili unene wa mfuniko upate pa kupita. Jumla sentimita 120. Nusu yake ni 60. Basi egemeo likae sentimita 60 nyuma ya mkunjo, sentimita 10 chini ya ukingo wa juu wa jakuzi. Bomba linapita sentimita 20 juu ya egemeo (10 za ukingo na 10 za unene wa mfuniko), kwa hiyo mkono unalala mshazari na utakuwa sentimita 63, ukipimwa kutoka kati ya bolti hadi kati ya bomba la juu. Mafundi wengi hupima kipande cha bomba peke yake, wakaisahau elbo, yaani kiungo cha kona. Egemeo likisogea mbele hata sentimita 10, mfuniko utagota ukingoni na kusagika kila siku. Nyuma acheni nafasi ya sentimita 60 kabla ya ukuta.

Nunueni bomba moja la maji la zinki, inchi moja na robo, mita 6: la juu mita 2.10, mikono miwili, na kipande kinabaki. Msitumie bomba la plastiki. Kwa upana huo litapinda likipigwa jua. Kona ni elbo mbili za kukaza kwa uzi. Uzi hulegea fremu ikizunguka, kwa hiyo toboeni kila kiungo na mpitishe bolti ya milimita 6. Palipochomewa zinki imeungua, na kutu ya pwani huanzia hapo hapo: sugueni kwa brashi ya waya, kisha pakeni rangi ya zinki.

Msikaze egemeo kwenye ubavu wa jakuzi. Ubao wake ni mwembamba na nyuma yake kuna mabomba. Simamisheni nguzo mbili za mbao ya mbili kwa nne iliyotiwa dawa, zifungwe kwenye zege kwa vyuma vya pembe, na kila moja iwe na mshazari upande wa nyuma. Bolti za egemeo ziwe za chuma kisichoshika kutu, milimita 12, urefu sentimita 15, zenye washa za plastiki na nati mbili zinazokazana zenyewe kwa zenyewe. Nati moja ikikazwa mpaka mwisho, mkono hauzunguki. Bolti mbili zilingane kimo kwa pima maji, la sivyo upande mmoja utakwama.

Fungeni kamba ya nailoni ya milimita 10 kutoka kila mkono hadi mguu wa mbele wa nguzo. Hiyo ndiyo breki. Bila yake fremu itaanguka hadi chini. Bomba la juu livisheni mpira wa kumwagilia uliopasuliwa, maana chuma kitupu hukata mshono wa mkunjo.

SWALI: Je, tuongeze shokapu za buti ya gari?

JIBU: Hapana haja. Mfuniko mzima wa ukubwa huo hauzidi sana kilo 30, na fremu inaumudu. Ukiwa mzito kupita hapo, upimeni: povu limeshakunywa maji kupitia plastiki iliyochanika ndani, na shokapu haitalikausha. Hapo kinachotakiwa ni povu jipya.

SWALI: Na upepo wa kusi?

JIBU: Huo ndio wa kuogopwa, kwa sababu mfuniko ulioning'inia ni tanga. Wekeni mkanda wenye kifungo kwenye kila nguzo, uuzunguke mfuniko kila unapofunguliwa. Kuanzia Juni hadi Septemba, upepo ukivuma kwa nguvu, ufungueni nusu tu, na hiyo nusu iliyokunjwa ifungwe mkanda.